Firigogo Hawakutua

Garissa,
9 Mei, 1967.

Kwa ndugu yangu Mahat Abdille, Mombasa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Salamu nilizo nazo ni nyingi kuliko karatasi hii, na karatasi yenyewe nimeipata kwa shida, basi zipokee hizi chache na uzijazie mwenyewe. Natumai u mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa unyevu wa huko pwani kimetulia. Ukituuliza sisi, tuko. Hooyo, mama yetu, ni mzima. Macho yake yamezidi kufifia lakini masikio bado ni ya msichana, anasikia sukari ikimiminwa nyumba ya tatu. Mvua imenyesha, alhamdulillahi, na nyasi zimeota hadi chini ya seng'enge waliyotuzungushia. Afya ninayo. Mengine nitakayokueleza humu usiyahesabu kuwa malalamiko.

Barua yako ilinifikia na nimeisoma mara nne. Umesema habari zangu zimefika hadi huko, kwamba dada yako Abshiro, mjane wa watu, amekuwa akitembea porini kila alfajiri na ofisa wa jeshi akimwonyesha walikojificha watu na mifugo. Umesema shangazi yetu Habibo amekutumia neno kuwa nililazimishwa, kwamba niliwekewa bunduki shingoni. Basi unanitaka niape kwa Msahafu, mbele ya mashahidi wawili, kuwa kweli nililazimishwa. Nikiapa, utasimama nami mbele ya ukoo. Nisipoapa kabla ya mwezi huu kwisha, nisikuite tena ndugu. Na mwishoni, kwa mwandiko wa mtu mwenye hasira, umeongeza kuwa Jama mchungaji ndiye aliyewauza ngamia wako tisa, maana yeye ndiye aliyewaficha, na kwamba asikanyage tena mlangoni petu.

Nakujibu kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu bado haina maandishi tunayokubaliana, na kwa sababu marehemu mume wangu, yule mtu wa Lamu, Mungu amrehemu, aliniachia vitu viwili tu: kandili na kujua kusoma na kuandika. Kandili waliichukua siku ya msako. Barua hii anakuja nayo Zeinab, mke wa mwenye lori la magunia. Ameificha mahali ambapo askari mwenye adabu hawezi kutafuta, na asiye na adabu Zeinab anajua kumjibu. Kwa hiyo naandika bila kufichaficha.

Wewe uliondoka mapema kwenda shule, huenda umesahau desturi ya aabo, baba yetu. Baada ya sala ya alfajiri alikuwa akitoka, mikono nyuma, anafuata njia ya mtoni mpaka kwenye mikoma, kisha anapanda hadi kwenye laga, ule mto mkavu wenye dimbwi moja lisilokauka upesi. Njia nzima alikuwa akitazama ndege. Watu walidhani ni uvivu. Mimi nilimfuata tangu nina miaka saba, na najua haukuwa uvivu. Aliniambia kwamba porini kila anayetembea anaonwa na ndege kabla hajaonwa na mtu, na ndege hawezi kunyamaza. Alinionyesha shashi, wale wadogo wenye midomo myekundu wanaokaa migongoni mwa ngamia kula kupe. Ukiwaona asubuhi wanaruka chini chini kwa kelele kuelekea kichaka fulani, basi kichakani mna mnyama. Alinionyesha yule wa kijivu mwenye kishungi, anayelia kama mbuzi aliyenyimwa, akimsimanga kila apitaye chini yake. Zaidi ya wote alinionyesha firigogo, wenye rangi ya mchanga, wanaokwenda kunywa maji kwa makundi jua likishapanda kidogo. Firigogo akitua na kunywa, dimbwi ni salama. Akizunguka na kuondoka na kiu yake, pana mtu.

Aabo alipofariki mimi niliendelea. Hata walipotuhamishia sote ndani ya kijiji hiki cha seng'enge, lango lilifunguliwa jua likichomoza ili wanawake waende kuni na maji, na saa nne lazima wote wawe wamerudi. Nilitoka na kamba ya kuni, nikarudi na kuni za kuchemshia chai moja. Wanawake wenzangu walinicheka, wakisema Abshiro anaokota ndege kwa macho na atakuja kuwapika. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na saa tatu za kwangu peke yangu kwa siku, na katika mwaka huu wa dhiki sijui mtu mwingine aliyekuwa nazo.

Mwezi wa Januari, jua limekausha kila kitu, Luteni mpya alikuja. Jina lake silitaji. Halistahili kusafiri pamoja na jina lako katika bahasha moja. Alikuwa mtu wa bara, kijana, mpole wa sauti, na hatari yake ilikuwa hapo. Waliomtangulia walikuwa wakipiga kelele na kufyatua risasi ovyo, na nchi nzima ikijua walipo. Huyu alisikiliza. Aliitisha baraza langoni akasema amesikia wafugaji wa hapa husoma ndege, na kwamba anamtaka mtu mmoja wa kutembea naye asubuhi. Alisema atampa sukari na pasi. Alikuwa na picha za ndege alizozichora mwenyewe kwenye daftari, akatuonyesha kama anayetuonyesha watoto wake.

Wanaume walitema mate wakaondoka. Lakini jioni ile nilimsikia Nunow, jirani yetu, akimwambia mkewe nyuma ya ukuta wa mikeka kwamba kesho atakwenda. Nunow unamjua, macho yake ni ya mwewe, na aabo mwenyewe alikuwa akisema huyo anasoma ndege kumpita yeye. Si mtu mbaya. Watoto wake wawili walikuwa wamevimba miguu kwa njaa. Angekwenda, angesema kweli kila asubuhi, na ndani ya wiki mbili hakuna mtu wala mnyama ambaye angebaki hai katika pori lile bila ya Luteni kumjua.

Basi soma hapa polepole, ndugu yangu, halafu uurudishe Msahafu wako rafuni. Hakuna aliyeniwekea bunduki. Lango lilipofunguliwa niliondoka mbele ya Nunow, nikaenda hadi kwenye hema la Luteni kwa miguu yangu, nikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba mimi ni binti Abdille na kwamba ndege wote wa hapa nawajua. Shangazi Habibo ananipenda na ameniokoa kwa uongo wake, lakini sikumtuma, na sitauwekea uongo wa shangazi mkono wa Msahafu. Sukari niliipokea. Nilimpelekea mke wa Nunow nusu, naye aliitupa nje, kisha nikaona jioni watoto wakiiokota mchangani.

Nilitembea na Luteni asubuhi arobaini na moja. Askari sita nyuma, yeye na mimi mbele. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliendelea mpaka mvua. Yule wa kijivu alipotusimanga mtu aliyejificha akiwa mita hamsini, nilisema amemwona nyoka. Shashi walipoelekea kulia, nilisema hao wanakwenda kwa twiga, nikamzungusha saa mbili nzima juani, na kwa bahati ya Mungu tukamkuta twiga kweli, Luteni akanipongeza. Kanga walipokatiza ghafla wimbo wao, niliongea kwa sauti juu ya viota ili asiusikie ukimya. Kila siku nilirudi nimelowa jasho la uongo, na kila siku watoto wa kijiji waliniimbia Bibi Luteni, na mara mbili nilikuta kinyesi cha mbuzi kimepakwa mlangoni. Niliosha. Wanawake waliacha kuzungumza nilipofika mtoni, nami nilijaza debe langu taratibu, wala sikuwahi kuondoka kabla halijajaa.

Na kwa kuwa nimeamua kusema yote, nitasema na lile la kunifanya nipigwe mawe. Kuna asubuhi nilizofurahi. Tangu aabo afe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jina la ndege. Huyu aliniuliza, akaandika kwenye daftari lake, Kisomali upande huu na Kiswahili upande ule, na alipowaona wale keremera wekundu wamepanga mstari kwenye ukingo wa Tana alisimama kimya kama mtu aliyeingia msikitini. Nilimchukia kwa hilo zaidi ya kwa bunduki yake. Mtu asiyeona nitamsamehe. Yeye alikuwa na macho, na kwa macho yale yale aliamuru nyumba za watu zichomwe.

Mwisho wa Februari alianza kunishuku. Askari wake walikuta majivu ya moto, bado yana joto, mahali ambapo nilikuwa nimesema hapajapita mtu. Hakunigombeza. Njiani kurudi alisema tu, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba matembezi yetu yamekuwa mazuri lakini hayajazaa kitu, na kwamba kesho yakiisha bila kitu, keshokutwa atatembea na Nunow, ambaye watu wamemsifia macho yake. Usiku ule sikulala. Si kwa hofu ya nafsi yangu, Mahat. Niliona kazi yote ya wiki nne inakwenda kumwagika.

Asubuhi yake tulifika juu ya laga jua limepanda. Kundi la firigogo lilitoka mashariki, kama thelathini hivi, wakaliendea dimbwi. Walishuka hadi karibu na ardhi, wakapaa. Walizunguka mara tatu. Kisha wakaondoka na kiu yao, katika ukame ule. Palikuwa na mtu kwenye dimbwi, pengine watu wengi. Nilimtazama Luteni, nikaona naye ameona, maana kwa siku zile alikuwa amejifunza. Aliniuliza kwa nini hawakutua. Askari mmoja tayari alikuwa ameishusha bunduki begani.

Na upande wa pili, kusini, shashi wanne walikuwa wanaruka chini chini kwa kelele kuelekea vichaka vya miswaki.

Hapa ndipo jibu lako lilipo. Unasema Jama peke yake ndiye aliyejua. Jama alikuwa kizuizini langoni siku ya nane kwa kukosa pasi; aliwafunga ngamia miguu vichakani akaja kutafuta chumvi, wakamkamata. Ndani ya kizuizi hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mimi, nilipompelekea chai, akilia kwa kuwaza wanyama wako. Nilijua ni akina nani waliokuwa kwenye miswaki. Nilimwambia Luteni awaache firigogo, wamemwogopa kozi, na kwamba atazame shashi. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, ngamia wako pale.

Walikuwapo. Tisa, wamefungwa miguu, wakatugeuzia shingo kwa sababu walinijua. Askari waliwamiminia risasi pale pale. Luteni aliwapa mgongo, akaniuliza jina la ndege mdogo wa manjano aliyekuwa juu ya mti. Nilimwambia simjui. Namjua tangu utoto wangu, lakini tangu siku ile hakuna jina jingine la ndege alilolipata kutoka kwangu ila la kumdanganya. Aliniamini kabisa baada ya hapo. Nunow hakuitwa. Nilimpoteza Luteni porini siku nyingine kumi na mbili, mpaka mvua ikanyesha, maji yakajaa kila shimo, na ndege wakawa hawana tena haja ya kukusanyika wala yeye haja yangu. Kikosi chake kilihamishwa.

Najua walikuwa nini kwako. Ulipozaliwa, aabo alikufungia ngamia jike kwa kitovu chako kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kiume, na kila aliyezaliwa naye na wanawe akawa wako. Mimi nilikutangulia miaka sita na sikufungiwa kitu, nikapewa kazi ya kumkama wa kwako. Nimewalea wote tisa. Yule mwenye sikio lililopasuka nilimlisha kwa mkono mamaye alipokufa. Hivyo usiniambie sikuujua uzito wao. Mwongo akitaka kuaminiwa lazima atoe kweli moja kubwa, na sikuwa tayari kuitoa kwa mali ya jirani. Nilitoa ya nyumbani kwetu. Haikuwa yangu, ilikuwa yako, na sikukuomba ruhusa, kwa kuwa wewe ulikuwa Mombasa na firigogo walikuwa angani.

Utauliza kwenye dimbwi alikuwa nani. Sikujua. Naomba ulielewe hilo vizuri. Wangeweza kuwa watu nisiowapenda, au wenye bunduki, au wezi. Nilijua tu kwamba firigogo hawakutua. Ni mwezi uliopita ndipo nilipoambiwa na mwanamke mmoja mtoni kuwa alikuwa abti yetu Warfa, ndugu wa hooyo, na nyumba yake yote, watu kumi na mmoja, na kwamba bintiye Kaaha alikuwa amejifungua siku tatu nyuma na hawezi kutembea. Waliposikia risasi za miswakini walimbeba wakakimbia. Wamefika kwa jamaa zao salama. Hawajui kwa nini risasi zilipigwa upande ule, na mwanamke aliyenisimulia alinisimulia kwa jeuri, ili nione aibu kuwa wamenikwepa.

Hooyo nilimwambia kwanza. Aliomba maji ya kutawadha, akaswali. Kesho yake, nilipokuwa natoka, aliniambia nijifunike vizuri maana kuna umande. Sijui kama ni msamaha. Nimeuchukua hivyo hivyo.

Basi hili ndilo jibu langu. Sitaapa. Nikiapa kuwa nililazimishwa, nitapata ndugu kwa uongo, na uongo wangu wote niliutumia kwa jambo lililostahili zaidi. Ukitaka kunishtaki kwa wazee kwa ajili ya ngamia wako, nishtaki. Nitakuja, nitakaa wanawake wanapokaa, na nitayasema haya kwa sauti ya kufika mbele. Wakiniuliza kama ningerudia, nitasema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Na ukinikana, Mahat, nikane kwa nililolifanya, si kwa walilolisema.

Bado natembea kila alfajiri. Mkuu mpya wa langoni amesema wanawake wasipite mikoma. Napita mikoma.

Jambo moja nakuomba, na hili ni ombi, si jeuri. Kabla hujanijibu mimi, mwandikie Jama. Tangu neno lako lifike amekuwa akilala nje ya lango la kizuizi, ingawa wamekwisha kumwachia, kwa kuwa hana mlango wa kuingia, na nilipomwambia ukweli alikataa kuusema kwa watu. Alisema ni afadhali ijulikane kuwa mchungaji alikosa kuliko dada. Mimi sikubali. Andika kwa jina lake, kwa mkono wako, asomewe mbele ya watu wote, kwamba hakuuza kitu.

Hooyo anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Shangazi Habibo anakusalimu, na usimgombeze. Wasalimie majirani zako hapo na wote wanaotuuliza kwa wema, na wanaotuuliza kwa ubaya wape nakala ya barua hii. Mungu akulinde, akupe riziki ya halali, na atukutanishe tungali hai, hata kama ni mbele ya wazee.

Wasalaam,
dada yako,
Abshiro Abdille